Pweza wa Forodha ya Bagamoyo

Pweza wa Bagamoyo hakuanza akiwa mkubwa. Alipopanda mara ya kwanza kwenye mchanga ulio chini ya jengo kuukuu la forodha, alikuwa na kazi moja: kuhesabu mashua zinazorudi alfajiri na kutangaza idadi yake. Kazi aliiweza na aliipenda. Ndipo mmoja akamwambia, "Bwana Pweza, madhali mashua unazihesabu, si utuhesabie na matenga?" Akakubali, maana mikono anayo. Wakamwongezea ushuru. Wakamwongezea madeni ya wachuuzi wanaochukua samaki asubuhi na kulipa jioni. Wakamwongezea kalenda ya bamvua na maji mafu, na mizani, na kengele ya mnada, na usuluhishi wa waliokatiana nyavu. Kila jambo jipya lilipozuka, kuanzia Mlingotini hadi mdomoni mwa mto Ruvu, baraza la wanyama halikujisumbua kufikiri liwekwe wapi. Lilisema tu: "Mpeni Pweza."

Miaka ikapita. Mikono ikabaki minane, kazi zikafika thelathini. Mkono wa tatu ulishika ushuru wa vibua, na ncha ya mkono huohuo ikashika kalenda ya mwezi, kwa sababu siku kalenda ilipoletwa mkono huo ndio uliokuwa na nafasi. Basi baraza lilipopunguza ushuru wa vibua, Pweza alijinyoosha kidogo kuubadilisha, na kalenda ikasogea siku mbili. Kesho yake ngalawa za Mlingotini ziliambiwa maji yanajaa. Yalikuwa yanakupwa, na maji ya bamvua yakikupwa Bagamoyo huacha mchanga mtupu mpaka macho yachoke. Ngalawa zikalala ubavu juani, changu wakaozea humo, na wenye ngalawa wakaja juu: "Kilichobadilishwa ni ushuru wa vibua. Mbona tulioangamia ni sisi wa changu?"

Hakuna aliyeweza kuwajibu, hata Pweza mwenyewe.

Waliowahi kuandika programu kubwa wanamjua Pweza huyu. Ni ile klasi moja yenye maelfu ya mistari, inayokokotoa malipo, inayotuma ujumbe, inayochapa risiti, inayosoma na kuandika hifadhidata, na ambayo kila kijana anayejiunga na timu huonywa asiiguse. Mimi simlaumu Pweza. Kila ombi lililomfikia lilikuwa la haki siku lilipoletwa, na aliyelileta alikuwa na haraka ya kweli. Wa kuulizwa ni baraza, lililojiokolea nusu saa ya kufikiri kila mara, kisha wavuvi wakailipa nusu saa hiyo kwa msimu mzima.

Habari zilifika Dar es Salaam, na kutoka huko akaja Kunguru, akiruka juu ya barabara ya Bunju na Mapinga. Ukoo wake uliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili ule taka za mji. Ukavuka bahari, ukaenea pwani yote, ukageukia mayai na makinda ya ndege wenyeji. Hilo hakulisema. Alisema, "Huyu hatengenezeki. Mwacheni. Nitawajengea forodha mpya kule Kaole, kila kitu kipya, na siku itakapokamilika mtahamia nyote kwa mpigo mmoja. Kaskazi haitavuma kabla hamjaingia."

Baraza likamlipa dagaa wa kutosha, nusu yake kabla ya kazi. Kaskazi ikavuma, ikatulia, kusi ikaingia, na forodha ya Kaole bado. Samaki hawakumngoja. Kila wiki Pweza aliongezewa jambo, kwa kuwa mvuvi anayekula leo hawezi kusubiri forodha ya mwakani, na Kunguru kila alipokamilisha yale aliyoyaona mwezi uliopita alikuta mengine yameshazaliwa Bagamoyo. Tena yapo ambayo hayakuandikwa popote. Pweza, kwa mfano, hakuwahi kutoza ushuru kapu la saba la dagaa. Anatoza la kwanza hadi la sita, analiruka la saba, anaendelea na la nane. Kunguru alidhani ni uzembe, akatoza yote. Siku wanyama walipokwenda kuijaribu forodha mpya, ugomvi wa kapu la saba ulifika hadi kudonoana, na usiku ule Kunguru akarudi alikotoka.

Baraza likamgeukia tena Pweza, safari hii kwa nia ya kumgawa. Aliyeongoza shauri ni Ngedere, ambaye amesoma. "Wataalamu wanatuambia pweza ana chembe za neva zipatazo milioni 500," akasema, "na theluthi mbili ya hizo zimo mikononi, si kichwani. Mikono yake inajifikiria yenyewe! Tugawe kazi mkono kwa mkono, tufuate njia anayopita samaki tangu mashuani hadi kikapuni." Ikaonekana ni busara. Kaa akapewa kupokea mashua, Kima kupima, Chiriku kunadi, Nguva kutoza ushuru. Daftari la Pweza likawekwa juu ya jiwe katikati ya ufuo ili wote wanne wasome na kuandika humo.

Siku za mwanzo pwani ilishangilia. Makarani wanne, kila mmoja na jina lake na kibanda chake cha makuti. Kisha ikaja amri ya kuacha kuhesabu matenga na kuanza kupima kwa kilo. Kima akabadilisha safu yake daftarini. Chiriku, aliyezoea kusoma safu hiyohiyo, akakuta 12 akanadi matenga kumi na mawili ya nguru, na mashuani mlikuwa na kilo kumi na mbili. Nguva akatoza ushuru wa matenga kumi na mawili. Kaa, aliyekuwa akiitazama safu ileile kujua kama mashua imeshushwa yote, akaizuia mashua kuondoka. Amri ilikuwa moja, ya Kima peke yake, lakini walifundishwa upya wote wanne, tena siku moja, na soko likafungwa wakati wanajifunza. Pweza alikuwa hajagawanywa. Alikuwa amepewa midomo minne.

Kosa la Ngedere lina umri mkubwa, na lina historia iliyoandikwa. Desemba 1972 David Parnas alichapisha makala katika jarida la Communications of the ACM. Alichukua programu ndogo ya kupanga faharasa, akaonyesha njia mbili za kuigawa. Ya kwanza ilifuata hatua za kazi: moduli ya kusoma mistari, ya kuizungusha, ya kuipanga kwa alfabeti, ya kuichapa. Ndiyo njia ya samaki tangu mashuani hadi kikapuni. Ya pili iliuliza swali lingine kabisa: ni maamuzi gani katika programu hii ni magumu, au huenda yakabadilika kesho? Kila uamuzi wa namna hiyo ukapewa moduli moja ya kuuficha, moduli nyingine zisiujue. Migawo yote miwili ilifanya kazi. Lakini namna ya kuhifadhi mistari ilipobadilishwa, katika mgawo wa kwanza kila moduli iliguswa; katika wa pili, moja tu. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na bado tunagawa programu kwa kufuata hatua, kwa sababu hatua zinaonekana kwa macho na maamuzi hayaonekani.

Aliyeiokoa forodha ni Bi Kasa wa Madete, ufuo ulio ndani ya hifadhi ya Saadani ambako kasa hutaga mpaka leo. Kasa hurudi kutaga pwani alikozaliwa, kwa hiyo huyu aliyajua mambo ya ufuo kabla baraza halijaundwa. Walimfuata usiku, wakamkuta akifukia mayai.

"Shikamoo, Bi Kasa."

"Marahaba, wajukuu zangu. Semeni."

Wakasema. Alipomaliza kufukia, aliuliza jambo moja: "Nani kati yenu anajua Pweza hujibu nini?"

Wakajibu kwa pamoja kwamba Pweza hukosea.

"Sikuuliza kama hukosea. Nimeuliza hujibu nini."

Wakanyamaza. Akawaambia wamrudishe Pweza kwenye jiwe lake, afanye kazi zote kama zamani, na Ngisi akae ubavuni pake na wino wake mwezi mzima, tangu mwandamo hadi mwandamo. Kila swali linaloulizwa forodhani, Ngisi aliandike, na jibu la Pweza aliandike vilevile. Matenga matatu ya vibua, mashua ya Winde, ushuru gani? Mchuuzi mwenye deni la juzi, anaruhusiwa kununua leo? Kapu la saba la dagaa? Ngisi akajaza kurasa. Ngedere, akichungulia begani, akaona jibu lililokosewa wazi, akataka kulisahihisha hapohapo. Bi Kasa akamzuia. "Andikeni alivyojibu. Kusahihisha ni kazi ya siku nyingine. Ukihamisha kitu na kukibadilisha siku hiyohiyo, kikivunjika hutajua kama kilivunjwa na safari au na mkono wako."

Hapa nawasihi wanaoanza kazi hii ya kupanga upya programu wapunguze mwendo, kwa sababu hapa ndipo wengi hukimbia. Wanaifungua klasi kubwa, wanaanza kukata, na hawana hata jaribio moja la kuwaambia kama programu bado inajibu ilivyokuwa ikijibu jana. Martin Fowler, katika kitabu chake Refactoring cha mwaka 1999, analiweka jambo hili ndani ya maana ya kazi yenyewe: mpangilio wa ndani hubadilika, tabia inayoonekana nje haibadiliki. Usipoijua tabia ya nje, huna namna ya kusema kuwa umeitunza. Na kapu la saba? Ngisi alipouliza mitaani, bibi Taa alikumbuka. Miaka mingi nyuma baraza liliamua kapu moja katika kila saba liende kwenye nyumba yenye msiba, na la msiba halitozwi. Watoaji walikuwa bado wanatoa. Ni sababu tu iliyosahaulika.

Kisha Bi Kasa akauliza swali lake la pili. "Misimu mitatu hii, baraza limebadilisha nini?" Wakahesabu. Viwango vya ushuru, karibu kila msimu. Kipimo, kutoka fungu hadi tenga hadi kilo. Masharti ya kukopa, kila baada ya ugomvi. Namna ya kuandika daftari, mara mbili. Mwezi haukubadilika hata siku moja, lakini kila mtu alihitaji kuuuliza. Mistari ya kugawia ikaonekana yenyewe, na haikupita kwenye mikono ya Pweza hata kidogo: viwango vya ushuru vilikuwa vimetawanyika katika mikono mitano, na mkono wa tatu peke yake ulikuwa na mambo manne yasiyojuana.

Walianza na kalenda, kwa sababu kalenda hujibu wengine na yenyewe haimuulizi yeyote. Akapewa Korongo, asimamaye majini kutwa. Kuanzia bamvua hadi bamvua Korongo na Pweza waliulizwa maswali yaleyale, majibu yakalinganishwa na ya Ngisi, na yalipokubaliana Pweza akaruhusiwa kuisahau kalenda. Inasemekana alilala usiku ule kama ambavyo hajawahi kulala. Wavuvi hawakuambiwa kitu. Waliendelea kumuuliza Pweza, naye akamgeukia Korongo, akarudi na jibu. Soko halikufungwa hata asubuhi moja.

Kutofunga soko si jambo dogo. Mtu anayeingiza takwimu za zahanati kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumika nchini kote, uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mmoja wao, hana habari kwamba msimbo wa Java wa mfumo huo umegawanywa katika moduli nyingi, wala kwamba kurasa anazozifungua ni programu zilizotenganishwa na kiini. Wala hana haja. Anachodai ni kwamba idadi ya watoto waliochanjwa aliyoijaza jana aikute leo. Anayepanga upya ndani ya mfumo wa namna hiyo ana watoto hao mikononi mwake.

Baada ya kalenda ikaja mizani. Kima aliwekewa pazia la makuti, na mtu akitaka uzito anauliza, anapewa namba, basi. Kama nyuma ya pazia kuna mawe, au chuma, au mizani ya saa, haimhusu mwingine. Chumvi ya bahari ilipoila mizani ya kwanza, Kima alileta nyingine usiku, na asubuhi Chiriku akanadi bila kujua lolote.

Daftari ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Bi Kasa aliagiza litolewe juu ya jiwe, akabidhiwe Ngisi, na asiwepo mwingine wa kulifungua. Chiriku alilalamika, na lalamiko lake lilikuwa la haki: kusoma mwenyewe ni haraka kuliko kumwomba Ngisi. Alikubaliwa kwamba atapoteza muda kidogo kila mnada. Kisha akakumbushwa yale matenga kumi na mawili ya nguru. Akamwomba Ngisi.

Yalitokea matatizo mapya pia, na anayesimulia kazi hii bila kuyataja anawadanganya vijana. Nguva hakutoza ushuru kabla ya kujua kama mnunuzi ana deni, kwa kuwa mwenye deni hapunguziwi. Kaa, ambaye sasa alishika madeni, hakutoa jibu la deni kabla ya kujua ushuru, kwa kuwa ushuru usiolipwa nao ni deni. Asubuhi moja Nguva akamngoja Kaa, na Kaa akamngoja Nguva, kila mmoja kwa adabu zote, "Tangulia wewe, ndugu yangu," "La, tangulia wewe," mpaka maji yakajaa, yakawafunika, na vibua wakaelea kurudi baharini. Bi Kasa hakumlaumu yeyote. Aliuliza wote wawili wanatafuta nini hasa, ikabainika wanatafuta kitu kimoja: mnunuzi huyu anaaminika au haaminiki? Orodha ya wanunuzi wanaoaminika ikatolewa kwa Kaa, ikawekwa kwa Ngisi. Sasa Nguva anamuuliza Ngisi, Kaa anamuuliza Nguva na Ngisi, na Ngisi hamuulizi yeyote kati yao.

Ngedere, kwa kufurahia mafanikio, akazidisha. Kila dagaa akampa kazi yake: mmoja wa kusema "karibu", mmoja wa kushika kamba ya mashua, mmoja wa kuifungua. Kununua fungu moja la vibua kukawa ni kuzunguka kwa dagaa arobaini, na aliyepotea njiani hakujua amuulize nani. Hili lilimalizwa siku moja. Dagaa waliokuwa hawawezi kufanya lolote bila wenzao walirudishwa pamoja.

Pweza hakufukuzwa. Anahesabu mashua alfajiri, kama siku ile ya kwanza, na wavuvi wazee waliomzoea bado humuuliza kila kitu, naye huwaelekeza kwa Korongo, au Kima, au Nguva. Msimu uliofuata baraza lilipandisha ushuru wa kamba wanaotoka upande wa Saadani. Nguva alibadilisha kiwango kimoja kabla maji hayajajaa. Ngisi akafungua kurasa zake, akauliza maswali yote ya mwezi ule, moja baada ya jingine, na ukiacha ushuru wa kamba majibu yakawa yaleyale, kapu la saba likiwemo. Ngalawa za Mlingotini ziliondoka kwa wakati.

Nawe uliye na klasi ambayo timu nzima inaiogopa, usianze kwa kuikata. Tafuta kumbukumbu za mabadiliko yake ya mwaka uliopita, uone ni mistari ipi hubadilika pamoja. Andika majaribio ya namna inavyojibu leo, makosa yake yakiwemo. Kisha itoe kalenda, peke yake, na uipeleke kwa Korongo kabla wiki haijaisha.